Dalili na Hukumu

Mtu aonaye dalili ya msiba wa mwenzake kabla msiba wenyewe haujafika, amwambie nini, na amwambie lini? Swali hili ni la kale katika nchi zinazolizunguka Ziwa Viktoria. Mfumu wa Kisukuma aliyempasua kuku ili asome alama za ndani yake alikabiliwa nalo kila siku: mbele yake waliketi mgonjwa na jamaa zake, na alama zile yeye peke yake ndiye aliyejua kuzisoma. Mvuvi mzee wa dagaa aliyetazama mawingu yakijikusanya juu ya ziwa alikabiliwa nalo pia, maana vijana walikuwa wamekwisha washa karabai na wakangoja neno lake. Siku hizi swali limehamia katika chumba chenye giza kidogo, ambamo mwanamke mwenye mimba ya wiki sita au saba amelala chali, na mtu mwingine, aliyesoma na kuhitimu, ameelekeza macho katika kioo. Mwanamke haoni humo ila vivuli vya kijivu. Mpimaji anaona, au anadhani anaona, jambo lisilo la kawaida. Kwa muda wa pumzi chache mtu mmoja ana habari ya mwili wa mtu mwingine ambayo mwenye mwili hana. Wajibu unaozaliwa katika pumzi hizo ndio unaofikiriwa hapa.

Chombo chenyewe si kigeni kwa watu wa ziwa kama mtu awezavyo kudhani. Altrasaundi ni sauti nyembamba mno, ipitayo kipeo cha sikio la binadamu. Hutumwa mwilini, hugonga maji, nyama na mifupa, kisha hurudi kama mwangwi, na mwangwi huo hugeuzwa kuwa picha. Vyombo vya kutafutia samaki chini ya maji hufanya kazi kwa kanuni iyo hiyo. Profesa Ian Donald wa Glasgow, aliyetumikia jeshi la anga la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili na kujua habari za rada, alikwenda kuazima maarifa kwa watu wa viwanda waliotumia mwangwi kutafuta nyufa ndani ya vyuma. Yeye, pamoja na mhandisi Tom Brown na daktari John MacVicar, walitangaza matokeo yao katika jarida la The Lancet mwezi wa Juni 1958. Tangu hapo mji wa mimba, ambao siku zote ulikuwa chumba cha siri, ukapata dirisha.

Walakini dirisha hili lina tabia yake. Mwangwi hujibu swali lililoulizwa, wala hauongezi neno. Mvuvi mwenye chombo cha kutafutia samaki anajua kwamba doa kiooni laweza kuwa sangara, na laweza kuwa gogo. Hutupa nyavu ndipo ajue. Mpimaji wa mimba changa hana nyavu za kutupa. Ana kitu kimoja tu cha kuthibitishia doa lake, nacho ni siku.

Mimba huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Katika wiki ya 5 huonekana kifuko kidogo chenye maji. Siku chache baadaye huonekana ndani yake kifuko cha pili, cha kiini, mfano wa pete nyembamba. Karibu na wiki ya 6 huonekana kiinitete chenyewe, urefu wake milimita chache tu, na ndani yake kumetameta kwa moyo. Kifaa kikipitishwa juu ya tumbo badala ya njia ya uke, mambo haya yote huchelewa kuonekana kwa muda wa wiki moja hivi. Ukuaji huu ni wa haraka ajabu: kilichokosekana Jumatatu hii chaweza kuwapo Jumatatu ijayo, tena chaonekana bila shida. Kwa hiyo dalili nyingi ziitwazo mbaya katika wiki hizi ni dalili za kutokuwapo: kifuko bila kiinitete, kiinitete bila moyo, kifuko kidogo kuliko hesabu ya siku. Na kutokuwapo kwa kitu kuna maana mbili zisizofanana hata kidogo. Huenda kitu hakipo kwa sababu uhai umekatika, na huenda hakipo kwa sababu saa yake haijafika. Picha ni ile ile. Kioo hakina rangi moja ya kifo na rangi nyingine ya uchanga.

Dalili ya mvua ni mawingu, husema watu, na ni kweli. Lakini hapana mkulima aliyepanda kwa wingu moja.

Wataalamu walijaribu kuutoa utata huu kwa vipimo. Kwa miaka mingi ilifundishwa Marekani kwamba kifuko kilichofika milimita 16 bila kiinitete, au kiinitete kilichofika milimita 5 bila moyo, ni mimba iliyokwisha. Mwaka 2011 watafiti wa London na wenzao walirudia hesabu. Waligundua kwamba kati ya mimba zilizokuwa bado hazijaonyesha kiinitete, lakini zikathibitika baadaye kuwa hai, nne hivi katika kila mia zingalihesabiwa kuwa zimekufa kwa kipimo kile cha milimita 16. Tena waligundua jambo lenye kunyenyekesha zaidi: wapimaji wawili stadi wakipima kifuko kimoja hawapatani. Alichokiandika mmoja kuwa milimita 20, mwenzake aweza kukiandika popote kati ya 16.8 na 24.5. Jopo la wataalamu likakutana Marekani mwaka 2012, na mapatano yake yakachapwa Oktoba 2013 katika The New England Journal of Medicine. Mipaka ikasogezwa: milimita 25 kwa kifuko, milimita 7 kwa kiinitete. Pasipofikiwa kipimo, siku ndizo zitoe ushahidi: kifuko kilichoonekana bila kifuko cha kiini kingojewe wiki 2 au zaidi, na kilichokuwa nacho kingojewe siku 11 au zaidi, baada ya muda huo, ikiwa kiinitete chenye moyo bado hakijaonekana, hapo ndipo neno la mwisho liwezapo kutamkwa.

Msomaji na azitazame namba hizi vizuri, maana ndani yake mna uamuzi wa maadili uliovaa nguo za hesabu. Maumbile hayakuandika 7 mahali popote. Waliokaa katika jopo walipima makosa mawili. La kwanza ni kumngojesha mama ambaye mimba yake imekwisha kufa: maumivu yake yataongezwa siku kumi na nne, naye atabeba tumaini lisilo na kitu ndani yake. La pili ni kumpa dawa au kumsafisha mama ambaye mimba yake ilikuwa hai na aliitaka. Kosa la kwanza ni huzuni iliyorefushwa; la pili ni uhai uliokatwa na mkono uliodhani unasaidia, na hakuna atakayejua kamwe kwamba lilitendeka, kwa kuwa ushahidi wake umeondolewa pamoja na kosa. Kosa lisilojulikana haliwezi kumfundisha mtu. Pengine hiyo ndiyo sababu vipimo vya zamani vilidumu muda mrefu hivyo bila kushtakiwa. Jopo lilichagua kwamba makosa haya mawili hayawekwi katika mizani moja, na hapana shaka lilichagua sawasawa.

Lakini uamuzi uliofanywa vema mahali pamoja huleta gharama mahali pengine. Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima kinachoutazama mji wa Mwanza, hupokea wagonjwa wa Kanda ya Ziwa nzima. Kwa mwanamke akaaye Nyamagana au Ilemela, kurudi baada ya wiki mbili ni nauli ya daladala na asubuhi moja. Mwanamke wa Sengerema amepata nafuu, kwa kuwa tangu Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi limefunguliwa, na mahali alipongoja kivuko sasa hupita juu ya maji kwa dakika chache. Mwanamke wa kisiwa cha Ukara hana daraja. Huvuka kwanza hadi Bugolora, kisha hukikata kisiwa cha Ukerewe mpaka Nansio, kisha hupanda meli ya Mwanza. Mkono ule wa maji wa kwanza ndio ambao kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018, wakafa watu zaidi ya 220. Kwake neno “urudi baada ya siku kumi na nne” ni nauli mara mbili, malazi kwa jamaa asiyependeza, dagaa walioachwa juani bila mtu wa kuwageuza, na maelezo kwa mume ambaye hakuelewa hata safari ya kwanza. Subira yavuta heri, lakini subira nayo hununuliwa, na bei yake si moja kwa watu wote.

Liko na jambo la hesabu ya siku zenyewe. Kanuni zote zilizotajwa husimama juu ya tarehe ya hedhi ya mwisho. Mama anyonyeshaye aweza kushika mimba kabla hedhi haijamrudia, na aliyeacha sindano ya kupanga uzazi aweza kukaa miezi bila mpangilio wa siku. Wako na wale ambao tarehe haijapata kuwa kitu cha kuandikwa; mwezi wa mbinguni huwaambia majira ya mavuno ya dagaa vizuri kuliko kalenda inavyowaambia majira yao wenyewe. Mimba iitwayo “ndogo kuliko siku zake” huenda ni mimba ya kawaida iliyopewa siku zisizo zake. Tena katika uchunguzi wa taifa wa miaka 2015 na 2016, karibu robo moja tu ya wanawake wajawazito Tanzania ndio waliofika kliniki kabla ya mwezi wa nne. Wachache wafikao katika wiki ya 6 au ya 7, aghalabu wameletwa na damu au maumivu. Yaani mpimaji wa mimba changa humpokea mtu ambaye tayari anaogopa, na neno lolote atakalolitamka litaangukia juu ya hofu iliyotangulia.

Ikiwa haki inadai kungoja, basi wanaodai wana deni la kupunguza bei ya kungoja. Deni hilo si lazima lilipwe kwa fedha. Kadi iliyoandikwa “kifuko milimita 18, kifuko cha kiini kipo, kiinitete hakijaonekana”, pamoja na tarehe na njia iliyotumika kupima, humwezesha mtu mwingine mwenye chombo karibu na nyumbani kwa mama kuendelea pale pale alipoachia wa kwanza. Kadi iliyoandikwa “mimba mbaya” haimwezeshi mtu kitu. Ni hukumu bila mwenendo wa kesi, na atakayeisoma baadaye hana njia ya kuikatia rufani.

Hapa lugha yenyewe ina neno la kusema. Kiswahili humpa mpimaji msaada ambao huenda yeye mwenyewe hauthamini. Aweza kusema “moyo haujaonekana”. Aweza kusema “moyo hauonekani”. Na aweza kusema “moyo hakuna”. Kwa msikilizaji asiye makini maneno haya ni jamaa moja. Kwa kweli yanatofautiana kama macheo, machweo na usiku. “Haujaonekana” huacha mlango wazi kwa wakati: hakikuwa mpaka sasa, na yajayo hayajasemwa. “Hauonekani” huelezea hali ya kioo cha leo tu, bila kuahidi wala kukana. “Hakuna” hufunga mlango na kuondoka na ufunguo. Mwanamke aliyelala pale hajui milimita, lakini anaijua tofauti ya maneno haya tangu utoto wake, maana ni tofauti ile ile iliyopo kati ya “baba hajarudi” na “baba hayupo tena”. Mpimaji anayetumia neno la tatu mahali pa la kwanza amedanganya, hata kama vipimo vyake vyote ni sahihi.

Na kinyume chake ni kweli vile vile, ingawa watu wema hawapendi kukisikia. Kiinitete kikiwa na milimita 10, na moyo ukatazamwa kwa makini na watu wawili usionekane, mtu anayesema “haujaonekana, tungoje tu” ameikimbia kazi yake. Amelitumia neno la tumaini kuficha jambo ambalo yeye analijua. Upole wa namna hii una sura ya huruma na mwenendo wa woga. Mama atarudi nyumbani, atatandika kitanda cha mtoto katika mawazo yake, naye yule aliyemwacha aende hivyo atakuwa amejiepusha na dakika tano za machozi kwa gharama ya wiki mbili za maisha ya mwingine. Uaminifu wa mpimaji basi si kusema maneno matamu wala maneno makali. Ni kuacha mlango wazi pale tu ulipo wazi.

Wako wanaodhani kwamba ni heri mama asiambiwe neno mpaka yakini ipatikane. Hoja yao si ya kudharauliwa. Husema kuwa mashaka ni mzigo, na kwamba mtaalamu amesomea kuubeba ilhali mama hakusomea; tena moyo uliotikiswa huleta usiku bila usingizi, na mimba nyingi zitiliwazo shaka huendelea vizuri, hivyo hofu yote itakuwa imelipwa bure. Yawezekana. Lakini wasahau kwamba mama hakuja mikono mitupu. Alikuja na damu, au na maumivu, au na ndoto mbaya ya mama mkwe, na nyumbani kwake maelezo hayakosekani kamwe. Ukimya wa mtaalamu hauachi nafasi tupu. Hujazwa mara moja na majirani. Wataambiana kuwa alibeba ndoo nzito, au alikula kilichokatazwa, au amelogwa na mke mwenza, au, mbaya kupita yote, kwamba alikunywa kitu kwa makusudi. Tanzania, ambako Kanuni ya Adhabu katika vifungu vya 150 hadi 152 huadhibu kuharibu mimba, uvumi huu wa mwisho si maneno ya kisimani tu. Waweza kumfikisha mtu mbele ya askari.

Ukweli wa kitaalamu, hata ule mchungu, una kazi ya kumwondolea mama lawama. Mimba zinazojulikana huharibika moja kati ya kumi mpaka moja kati ya tano, na karibu nusu ya zile zinazoharibika mapema zilikuwa na kasoro ya kromosomu tangu kutungwa kwake. Hakuna ndoo iliyozivunja. Mama aliyeonyeshwa kwamba kiinitete kilikoma kukua siku nyingi kabla damu haijaonekana amepewa zaidi ya habari. Amerudishiwa jina lake. Ni jambo la kusikitisha kwamba karatasi ya majibu, ambayo ingeweza kumtetea mbele ya ukoo mzima, mara nyingi huandikwa kwa maneno yasiyosomeka ila na wenye kuandika.

Yako matokeo ambayo kwayo mazungumzo yote haya ya subira yageuka kuwa hatari. Mji wa mimba ukiwa mtupu, na damu ikaonekana tumboni mahali isipostahili, yamkini mimba imetunga katika mrija, nje ya mji wake. Mrija ukipasuka, mama aweza kufa siku hiyo hiyo. Ukijaa vitone vingi kama theluji au kama shada la zabibu, ni mimba zabibu, ambayo haina mtoto wa kungojea, nayo lazima iondolewe na mama afuatwe kwa vipimo vya homoni kwa miezi, kwa kuwa baadhi yake hugeuka kuwa saratani. Hapa haraka ndiyo huruma. Sheria yenyewe imelikubali hilo, maana kifungu cha 230 cha kanuni ile ile humkinga atendaye upasuaji kwa nia njema ili kuokoa uhai wa mama.

Matokeo ya namna nyingine ni magumu kuliko hayo yote. Kuanzia wiki ya 11 mpaka karibu mwisho wa wiki ya 13, nyuma ya shingo ya kijusi huonekana ukanda mwembamba wa maji. Profesa Kypros Nicolaides na wenzake wa London walionyesha mwaka 1992 kwamba ukanda huo ukinenepa, uwezekano wa kasoro za kromosomu huongezeka. Baadaye ilionekana kuwa kasoro za moyo nazo huongezeka. Mpaka unaoogopwa ni milimita 3.5. Hata hivyo hesabu zilizotolewa huko zenyewe zasema kwamba ukanda ukiwa kati ya 3.5 na 4.4, watoto kama 70 katika 100 huzaliwa hai bila kasoro kubwa; ukifika 6.5 na zaidi, hubaki kama 15. Kwa hiyo mpimaji anayesema “mtoto ana kasoro” kwa milimita 4 amekosea katika watu saba kati ya kumi, na anayesema “usiwe na wasiwasi” amekosea katika watatu. Namba yenyewe tu ndiyo isiyokosea, nayo haina faraja.

Katika nchi alikozaliwa chombo hiki, habari kama hizi hufuatwa na uchaguzi wa kuendelea na mimba au kuikatiza. Ian Donald mwenyewe hakuufurahia uchaguzi huo. Alikuwa Mkristo mwenye msimamo, akaipinga hadharani sheria ya Uingereza ya mwaka 1967 iliyoruhusu kutoa mimba, na alitumia picha za chombo chake kuwa hoja ya upinzani wake. Chombo hakikumsikiliza. Kilifungua mlango ambao mwenyewe alitaka ufungwe. Huko Mwanza hali ni kinyume: sheria haitoi uchaguzi huo kwa ajili ya kasoro ya mtoto, na Bugando yenyewe ni hospitali ya Maaskofu Katoliki. Basi mtu ataulizwa, na ataulizwa kwa haki: kuna faida gani kumwambia mama habari isiyo na tendo nyuma yake?

Chukua kijusi kilichokosa fuvu na sehemu kubwa ya ubongo, kasoro ambayo huonekana waziwazi karibu na wiki ya 12. Mtoto huyu hataishi. Aweza kuzaliwa akiwa hai na kukaa saa au siku chache. Sababu yake ilikwisha tendeka kabla ya siku ya 28 tangu kutungwa, kabla mama hajajua kuwa ana mimba, na kinga yake, mikrogramu 400 za foliki asidi kwa siku, ilipasa kuanza kabla ya mimba. Kwa mtoto huyu hakuna tiba. Lakini kusema kwamba hakuna tendo ni kuyapunguza mno matendo ya binadamu. Mama aweza kumleta mumewe asikie kwa masikio yake. Aweza kuchagua mahali pa kuzalia, na nani awepo. Aweza kukataa kununua nguo, au kununua moja tu ya kumvika. Aweza kusali na kutafuta baraka kwa mtoto angali akicheza tumboni. Aweza kuuliza, kwa ajili ya mimba ijayo, juu ya vidonge vile. Na aweza pia kusema kwamba hataki kusikia zaidi. Hilo nalo ni tendo, tena tendo ambalo mpimaji hana ruhusa ya kumfanyia kwa niaba yake. Kutengwa na habari ya mwili wako kwa sababu wengine wameamua kuwa huna la kuifanyia ni unyonge ambao hakuna sheria iliyouagiza.

Lakini mambo yote haya hayamalizwi na milimita wala na sheria, kwa sababu watu hawaishi katika picha. Wanaishi katika majina. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi pacha wa kwanza kuzaliwa huitwa Kulwa, wa pili Doto, na mtoto awafuataye huitwa Shija. Majina haya yameenea nchi nzima, na yeyote ayasikiaye hujua mara moja mahali pa mtu katika mlango wa uzazi wa mama yake. Zamani pacha walijulikana walipozaliwa, au mkunga mzoefu alipowapapasa miezi ya mwisho. Altrasaundi huwaona katika wiki ya 6 au ya 7, na hapo ndipo penye fumbo: mara nyingi mmoja kati ya wawili walioonekana mapema hivyo hukoma kukua, hunyauka, hufyonzwa, na kipimo cha mwezi wa nne humwonyesha mmoja tu, mzima, kana kwamba hapakuwa na mwingine. Kwa daktari tokeo hili ni jema. Yule aliyebaki kwa kawaida huendelea vizuri. Kwa bibi aliyekwisha tangaziwa pacha, na pengine kuanza kuulizia desturi zao, si jema wala si baya. Ni jambo lisilo na mahali. Mtoto atakayezaliwa peke yake ni Kulwa asiye na Doto, au si Kulwa kabisa? Na akija mwingine baada yake, mama amwite Shija kwa ajili ya ndugu aliyeonekana mara moja tu katika kioo, milimita chache, asubuhi moja katika chumba chenye giza? Mpimaji aliyesema “pacha” katika wiki ya 6 alisema kweli kwa siku ile. Huenda angesema “vifuko viwili vimeonekana, mtoto mmoja au wawili tutajua baadaye”, na mama angerudi Ukara na habari pungufu kidogo, na mtoto asiye na jina la kudaiwa na mtu yeyote.